Dawa ya Maumivu Baada ya Upasuaji: Usisubiri Yakuzidi

Kisu chenyewe hukisikii, maana umepigwa ganzi au nusu kaputi. Maumivu huja dawa hizo zinapoisha nguvu. Wengi hujikaza kwa kuogopa kumsumbua muuguzi, na wakija kusema, maumivu yamekwisha kupanda na kuyatuliza ni kazi.

Niulize nini kabla ya upasuaji? Muulize daktari wa usingizi: ganzi itaisha saa ngapi, na dawa ya maumivu nitapewa lini? Ganzi ya mgongo, inayotumika sana kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kwa kawaida huisha baada ya saa 2 hadi 4. Mwambie pia kama unanyonyesha, unakunywa pombe, unatumia dawa za usingizi, au hukatika pumzi ukiwa umelala.

Nitapewa dawa gani? Maumivu makali hutulizwa kwa dawa jamii ya afyuni, kama mofini, pethidini na tramadoli. Mofini ya mshipani huanza kutuliza ndani ya dakika chache, na nafuu yake hudumu saa 3 hadi 4 hivi. Kidonge cha tramadoli huchukua karibu saa nzima kuanza kutuliza. Kwa hiyo, kama umeandikiwa kidonge na utafanya mazoezi ya kutembea saa 4, muulize muuguzi kama unaweza kukinywa saa 3.

Niseme lini kwamba naumwa? Mara maumivu yanapoanza kurudi. Ukiulizwa, yapime kwa namba: 0 ni hakuna, 10 ni makali kupita yote. Ukikohoa au kugeuka kwa shida, sema pia.

Nyumbani je? Parasetamoli hunywewa kwa saa maalumu. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, asiye na ugonjwa wa ini, hunywa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Dawa kali ya jamii ya afyuni ni ya siku chache tu, kama ulivyoandikiwa. Husababisha choo kigumu, hivyo kunywa maji, kula matunda, na uliza kama unahitaji dawa ya kulainisha choo. Usichanganye na pombe, usiendeshe gari.

Hatari ni ipi? Mgonjwa akiwa na usingizi mzito hata haamshiki, au akipumua polepole mno, msimpe dozi nyingine. Mkimbizeni hospitali mara moja.

Gharama je? Parasetamoli ni ya bei nafuu. Kabla ya kulazwa, uliza dirisha la malipo kama dawa za maumivu zimo ndani ya gharama ya upasuaji. Mwenye bima, kama NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, aulize ni zipi zinazolipiwa. Dawa kali hutolewa kwa cheti cha daktari. Usizinunue mitaani, na zikibaki usimgawie jirani, zirudishe famasi ya hospitali.

Kusema mapema kwamba unaumwa si udhaifu. Mgonjwa aliyetulizwa hukohoa vizuri, huinuka mapema na hulala usingizi, na hayo ndiyo yanayomsaidia kupona.