Nani Mwenye Haki ya Kuisimamisha Meli?

Wengi wetu tukaao huku Mafinga, kandokando ya misitu ya Sao Hill, hatujapata kumwona nyangumi. Lakini ugomvi uliozuka kwa ajili yake watufaa kujifunza, kwani chombo kimojawapo cha ugomvi huo kilikuja baadaye kulinda samaki wetu.

Tangu mwaka 1986 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi imeuzuia uwindaji wa biashara. Japani iliendelea kuwawinda katika bahari ya kusini, ikisema ni kwa ajili ya uchunguzi wa elimu. Ndipo wanachama wa Sea Shepherd walipokwenda kuwazuia: walijitia kati ya wawindaji na mnyama, wakawatupia chupa zenye kemikali za kunuka, na mara kadhaa vyombo viligongana. Januari 2010 mashua yao Ady Gil iligongana na meli ya Kijapani, Shonan Maru 2, nayo hatimaye ikazama.

Ushujaa wao hatuukani. Lakini ni nani aliyewatuma? Mwaka 2013 mahakama ya rufani huko Marekani iliwaita maharamia. Mwaka uliofuata, katika kesi iliyofunguliwa na Australia, Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua ya kuwa uwindaji ule haukuwa wa elimu. Basi dai lao lilikuwa la haki. Njia yao ndiyo tusiyoweza kuisifu.

Mwaka 2018 meli yao Ocean Warrior, iliyojengwa ili kuwakabili wawindaji hao, ilifika Tanzania kwa Operesheni Jodari. Safari hii waliozipanda meli na kuzikagua walikuwa maofisa wa Tanzania. Wageni walitoa chombo, mabaharia na mafuta. Ndivyo ilivyo hata huku kwetu: jirani aweza kumwazima bwana miti gari lake, lakini si yeye amkamataye mwizi wa mbao. Januari mwaka huo huo meli Buah Naga 1, yenye bendera ya Malaysia, ilikutwa na mapezi ya papa, ikapelekwa Mtwara.

Wala tusidhani ya kuwa mamlaka peke yake yatosha. Nani asiyekumbuka «samaki wa Magufuli»? Machi 2009 meli Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ikiwa na karibu tani 300 za jodari, wakati Bwana John Magufuli alipokuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Nahodha na wakala walitiwa hatiani mwaka 2012. Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu hiyo kwa kasoro za kisheria katika mwenendo wa kesi, na samaki walikuwa wamekwisha gawiwa zamani katika mahospitali na magereza.