Barua Moja kwa Wapangaji Wanne

Anayejiandaa kusajiliwa kuwa wakala wa nyumba chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, husoma mengi kuhusu ununuzi, uuzaji na thamani ya ardhi. Lakini akianza kazi, karatasi itakayomwingiza matatani upesi zaidi ni ile anayoiona ndogo kuliko zote: notisi kwa mpangaji. Somo hili linahusu karatasi hiyo.

Chukulia jengo la ghorofa moja karibu na steji ya matatu. Mwenye jengo amefariki, na watoto wake wamemwita wakala alisimamie. Chini kuna fundi cherehani anayelipa shilingi 12,000 kwa mwezi. Hana mkataba wa maandishi. Alikubaliana na marehemu kwa mdomo, na amekaa hapo miaka mingi. Jirani yake ni duka la dawa lenye mkataba uliosajiliwa wa miaka 6. Juu kuna familia inayolipa shilingi 14,000 kila tarehe 1, nayo pia haina mkataba wa maandishi. Uani kuna chumba kimoja cha mzee anayelipa shilingi 2,300.

Warithi wanataka kodi ipande kwa wote. Isitoshe, kifungua mimba anataka fundi cherehani atoke ili afungue duka lake. Anamwambia wakala: "Waandikie wote barua moja. Siku thelathini, basi."

Kabla ya kushika kalamu, wakala aulize jambo moja. Je, warithi wana hati ya mahakama ya kusimamia mirathi? Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mtu ruhusa ya kuendesha mali yake, na kuingilia mali hiyo bila mamlaka ni kosa. Wakala anayepokea kodi kwa agizo la mtu asiye na hati anaweza kujikuta anadaiwa fedha hizo na ndugu wengine. Hapa mfano unachukulia kwamba hati ipo.

Sasa barua. Ikiandikwa moja kwa wote wanne, itakuwa na kasoro kwa karibu kila mmoja wao, kwa kuwa ndani ya jengo hili kuna sheria zaidi ya moja.

Fundi cherehani analindwa na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301. Sheria hiyo humlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, na pia mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, au ulio na kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ya kukiuka masharti. Watahiniwa wengi hudhani kwamba asiye na maandishi hana haki. Katika sheria hii mambo ni kinyume: kukosa maandishi ndiko kunakomwingiza chini ya ulinzi.

Kwa mpangaji wa namna hii, kumaliza upangaji au kubadilisha sharti lolote kwa hasara yake, kodi ikiwemo, kunahitaji notisi iliyo katika fomu maalumu ya kanuni za sheria hiyo. Barua ya kawaida haitoshi, hata ikiwa na mhuri. Notisi itaje sababu. Haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee, na lazima imtake ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama anakubali au anakataa. Fundi akiipokea tarehe 10 Machi, haiwezi kuanza kabla ya tarehe 10 Mei. Siku thelathini za kifungua mimba zimekwisha kufa hapo.

Kuhusu sababu, sheria imetaja zake. Miongoni mwake ni kuchelewa kulipa kodi kwa miezi 2 tangu ilipostahili kulipwa au kuchelewa mara kwa mara, nia ya kubomoa na kujenga upya kazi isiyowezekana mpangaji akiwa ndani, na nia ya mwenye jengo kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1. Duka la kifungua mimba linaweza kuangukia hiyo ya mwisho, mradi nia iwe ya kweli. Sababu ya "tumepata mtu wa kulipa zaidi" haimo. Warithi pia waamue wanataka lipi, kodi mpya au chumba kitupu. Anayedai yote mawili kwa pamoja anaidhoofisha nia yake mwenyewe ya kulitumia duka.

Fundi asiporidhika, anaweza kupeleka shauri mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Akishafanya hivyo, notisi husimama hadi Jopo liamue, naye huendelea kulipa kodi ile ile ya 12,000. Akinyamaza hadi tarehe ipite, notisi humfunga. Hapo ndipo wapangaji wengi wanapopoteza haki yao, kwa kudhani kwamba kukaa kimya ni kukataa.

Duka la dawa ni jepesi. Mkataba wake unazidi miaka 5 na hauna kifungu cha kuuvunja mapema, hivyo hauko chini ya Sura ya 301. Wakala aufungue, asome kodi inapanda lini na kwa kiasi gani, na afuate hivyo.

Familia ya juu haiguswi na jopo lolote kati ya haya. Upangaji wake wa mwezi hadi mwezi unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Notisi isipungue muda mmoja wa kodi, yaani mwezi 1, na imalizike siku ambayo kodi hulipwa. Huu ni mtego mzuri wa mtihani. Notisi ikitolewa tarehe 12 Machi, mwezi unatimia tarehe 12 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Siku sahihi ni tarehe 1 Mei. Na kodi mpya kwa familia hii ni makubaliano mapya. Wakikataa, njia iliyobaki ni kumaliza upangaji kwa notisi sahihi.

Mzee wa uani ndiye anayedharauliwa zaidi, na pengine ndiye mwenye ulinzi mzito kuliko wote. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani, na mijini vyumba vya bei hiyo vimekuwa adimu, lakini sheria ingalipo. Kodi ya mzee haipandishwi kwa barua, wala hatolewi bila amri ya jopo linalosimamia sheria hiyo. Kumsumbua kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi ni kosa la jinai, kwa mwenye nyumba na kwa wakala wake vilevile.

Linabaki suala la kufuli. Mpangaji akiwa na malimbikizi, wakala hushawishika kufunga mlango, kukata umeme au kung'oa mabati. Sheria ya Ardhi inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu maadamu anatimiza wajibu wake, na hata asipoutimiza, kumtoa kuna utaratibu. Mali hukamatwa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293. Kwa fundi cherehani na mzee wa uani, idhini ya jopo linalohusika hutangulia. Serikali ya kaunti hutoa leseni za biashara na kutoza kodi ya ardhi, lakini askari wa kaunti hana mamlaka ya kumtoa mpangaji kwa deni la mwenye nyumba, na wakala asimwite kwa kazi hiyo.

Kila notisi itolewe nakala mbili. Mpangaji atie sahihi na tarehe ya kupokea kwenye ile inayobaki na wakala. Akikataa kutia sahihi, aliyeipeleka aandike siku, saa na jina la shahidi aliyekuwepo, kwa sababu miezi 2 ya fundi cherehani inahesabiwa tangu alipoipokea, haihesabiwi tangu ilipochapishwa.