Mtoto Mdogo na Maneno ya Kubuni

Wazazi wengi hushtuka mtoto wa miaka 3 au 4 asemapo kwamba amemwona simba jikoni, nao humchapa kama mwongo. Yatupasa kupambanua. Katika umri huo mtoto huchanganya kwa urahisi aliyoyaona na aliyoyawaza. Na kwa kawaida ni karibu na miaka 4 au 5 ndipo afahamupo kwamba mwenzake aweza kusadiki jambo lisilo kweli. Basi tusimtie aibu, wala tusijifanye kusadiki. Tumwambie kwa upole: “Hiyo ni hadithi nzuri, sasa tueleze uliyoyaona kwa macho.” Naye akimwaga maziwa akakiri, tumsifu kwanza kwa kusema kweli, kisha apanguse pamoja nasi. Mtoto aogopaye fimbo hujifunza kuficha, hajifunzi unyofu.