Ramani Inayosimulia: Kasigau Hadi Malindi

Kuna ramani za kompyuta ambazo ukibofya alama, hadithi inafunguka. Ya kwanza niliyopanga ilikuwa na makaburi ya askari ya Voi na Maktau tu. Bibi mmoja wa Kasigau akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona sisi hatumo?"

Basi nikaanza upya. Kwanza, chagua swali moja: kwa nini Waingereza waliwahamisha Wakasigau hadi Malindi mwaka 1915? Waliwashuku kuwasaidia Wajerumani. Pili, panga vituo kwa mfuatano: Kasigau, Malindi walikofia wengi, kisha Kasigau tena kwa waliorudi. Tatu, kila alama ipe mwaka, picha na sentensi mbili tu. Mwisho, mwonyeshe mwenye habari. Akisema umekosea, rekebisha. Ramani isiyo na watu ni mistari tu, jamani!