Namna ya Kupima Chakula cha Forodhani

Mtu akila nyumbani kwake huhukumu kwa ulimi peke yake, kwa kuwa mkono uliopika anaujua, chungu anakijua, na maji yaliyooshea mchele pengine ameyateka mwenyewe. Lakini mtu alaye barabarani, kwenye meza itandazwayo jioni na kukunjwa usiku, hana budi kuhukumu kwa macho, kwa pua na kwa akili kabla ulimi haujapewa zamu yake. Nimekula Forodhani, Unguja, katika majira ya kusi na ya kaskazi, katika usiku uliojaa watu na katika usiku wa mvua ambapo wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi, nami napenda kuweka hapa kanuni ninazozifuata, ili msomaji atakayefika huko azitumie, azisahihishe, au azichukue mpaka kwenye vigari vya chakula vya mji wake, kwa maana meza ya Forodhani na gari la chakula la Nairobi au London hutofautiana kwa magurudumu tu.

Bustani yenyewe iko ukingoni mwa bahari ya Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Taasisi ya Aga Khan ya utamaduni iliitengeneza upya, ikafunguliwa tena mwaka 2009 ikiwa na njia, nyasi na taa. Mchana ni mahali pa vijana kujitupa majini na wazee kupunga upepo. Jua likikaribia kuzama meza hufika, makaa huwashwa, na wauzaji waliovaa kofia nyeupe za upishi husimama nyuma ya mishkaki iliyopangwa safu kwa safu.

Zunguka kwanza bila kununua

Kanuni ya kwanza ni kufika baada ya Magharibi, wakati waliotoka msikitini na walioacha kazi wamekwisha kukusanyika, na kuizunguka bustani yote kabla ya kutoa shilingi. Utaitwa kwa lugha nyingi, utaonyeshwa kambakochi kwa ncha ya kisu, na utaambiwa kwamba kuonja ni bure. Itikia kwa adabu, kisha endelea na mwendo wako. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ingawa methali hiyo si sheria isiyo na udhuru, maana mwito wa sokoni ni mila ya biashara, mpishi anayeuacha moto wake ili akushike mkono ameacha jambo moja kwa ajili ya jingine, na lile aliloliacha ndilo utakalokula.

Tazama ni nani anakula

Kanuni hii naiweka juu ya nyingine zote. Muuzaji ambaye mteja wake ni msafiri atakayepanda boti kesho asubuhi hapati hasara ya dhahiri kwa kumlisha vibaya, wala hapati faida kubwa kwa kumlisha vizuri, na kinachomzuia asidanganye ni imani yake na dhamiri yake tu, ambazo mgeni hana njia ya kuzipima. Bali muuzaji ambaye wateja wake ni watu wa mitaa ya Malindi, Vuga na Ng'ambo, watu wanaojua bei ya nyama ilivyokuwa sokoni Darajani asubuhi ile na ambao kesho watampita mlangoni, hulazimishwa na biashara yenyewe kuwa mwadilifu, hata siku ambayo uadilifu umemchosha. Kwa hiyo nitafutapo meza, sitafuti iliyopambwa. Natafuta mama aliyekuja na wanawe, wapagazi waliosimama na mabakuli, na mtu anayehudumiwa bila kusema anataka nini kwa kuwa anajulikana. Sisemi kwamba wanaowauzia wageni wote ni wadanganyifu, kwani nimepata kwao vyakula vyema. Nasema tu kwamba wao huwa wema kwa hiari, na hiari hubadilika.

Chagua chakula kimoja kiwe mizani

Hakimu anayelinganisha pweza wa meza hii na chapati ya meza ile hawezi kutoa hukumu ya haki. Mimi nimeuchagua urojo kuwa mizani yangu, kwa sababu ni chakula cha bei ndogo ambacho kila kasoro hudhihirika ndani yake. Mchuzi wake ni wa unga, umetiwa manjano ukapata rangi, na embe mbichi au ndimu ukapata ukali. Humo hutiwa viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki au yai kwa atakaye, kisha juu yake hunyunyizwa vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga, chatini ya nazi, na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa mlaji. Unga usipoiva utausikia ubichi wake mwisho wa ulimi. Embe ikikosekana, mchuzi hupooza na pilipili hutumiwa kuficha upungufu. Na muhogo uliokaangwa jana hulainika mara uguswapo na mchuzi, ilhali wa leo hukuvunjikia menoni mpaka karibu na mwisho wa bakuli.

Jioni moja nilimsalimu bibi mmoja auzaye urojo, "Shikamoo, bi mkubwa, naomba bakuli moja," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, bajia hizi hazijaiva ndani. Ukiwa na haraka nenda kwa wenzangu pale." Muuzaji aliye tayari kumpoteza mteja kuliko kumpa bajia mbichi amekwisha kujihukumu mwenyewe, nami sikuwa na haja ya kuendelea na uchunguzi.

Usome moto na saa

Katika mishkaki ya ng'ombe tafuta nyama ambayo bado ni mbichi, imefunikwa, na inabanikwa baada ya wewe kuagiza. Mpishi ajuaye kazi yake huilaza katika tangawizi, thomu na ndimu, na wengine huongeza papai bichi, ambalo maji yake hulegeza nyama ngumu; likizidi, nyama hupoteza nyuzi zake ikawa rojorojo, na hapo utajua kwamba alinunua nyama duni akataka papai limtendee muujiza.

Vitu vya baharini vinataka hadhari kubwa zaidi. Aghalabu vilivyopangwa juu ya meza vimekwisha kupikwa, na moto utakaouona ni wa kuvipasha tu. Pweza huvumilia jambo hilo, kwa kuwa sharti apigwe na kuchemshwa kabla ya kubanikwa. Kamba havumilii, hukauka akawa mgumu, na vipande vya jodari hukakamaa pembeni. Tena kuna suala la siha: Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kupita muda wa saa mbili, na kwamba kile kinachowekwa moto kidumu juu ya nyuzi 60 za sentigredi. Basi uliza kimepikwa wakati gani, na ukiona jibu linazunguka, ondoka. Ukipenda samaki kweli kweli, pita Darajani asubuhi, katika soko lililofunguliwa mwaka 1904, uone ni samaki gani walioingia siku hiyo. Meza inayokuuzia jioni aina ambayo asubuhi haikuonekana mnadani ina maelezo ya kukupa.

Ile iitwayo pizza ya Zanzibar ni ndugu wa mkate wa kima wa Mombasa na wa mtabbaq wa Arabuni, wala haina udugu na ya Italia. Donge la unga lililolazwa katika mafuta hutandazwa mpaka likawa jepesi kama kitambaa cha shashi, katikati hutiwa kima, vitunguu, pilipili hoho na yai, kisha pembe nne hukunjwa na mkate ukakaangwa juu ya chuma bapa. Fadhila yake ni kwamba yote hufanyika mbele ya macho yako. Agiza ya kima na yai, ukatae jibini na mayonezi, ambavyo huzima ladha ya nyama. Na usikubali itolewe kabla kingo zake hazijawa kahawia, maana pale penye mikunjo minne ndipo unga hubaki mbichi.

Patana, kisha uonje kwa utaratibu

Uliza bei ya kila kijiti kabla sahani haijajazwa, kwa shilingi, na ujumlishe mwenyewe. Ugomvi mwingi wa Forodhani huzaliwa mwisho wa chakula, wakati vijiti vimekwisha kuwa vitupu na kila upande una hesabu yake. Mapatano ya mapema ni uungwana kwa pande zote mbili. Chakula kikifika, onja tonge la kwanza bila pilipili wala ndimu, kwani hivyo viwili ndivyo mawakili wa chakula kibaya. Kisha onja navyo, uone kama vinaongeza au vinaficha. Maliza kwa maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, lakini utazame kwanza kama mua umeoshwa na kama kinu ni safi, na barafu usiyoijua asili yake uikatae.

Hukumu yangu, basi, ni hii: Forodhani ule urojo kwanza, mishkaki ya ng'ombe iwe ya pili, pizza ya Zanzibar iwe ya tatu kwa mwenye njaa iliyobaki, na vya baharini viwe vya mwisho, ila pweza, na ila kile ulichokiona kikiwekwa motoni kibichi. Ukiisha kumpata muuzaji mwadilifu, mlipe bila kumkaba bei, rudi kwake, na uwaelekeze wenzako mezani pake, kwa sababu mpishi mwema asiyerudiwa na watu hufunga meza yake, na nafasi yake huchukuliwa na yule ajuaye kuita tu.