Kusafisha Maganda ya Risasi na Vyombo Vingine vya Shaba Njano

Saza imezoeana na metali tangu zamani. Mgodi wa New Saza, katika eneo la dhahabu la Lupa, ulifanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1950, na hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba na kuchenjua katika maeneo hayo. Kwa sababu hiyo zebaki na tindikali hupatikana karibu na makazi ya watu kwa urahisi usio wa kawaida. Somo hili linahusu kitu kingine, shaba njano, na madhara yanayotokea pale mtu anapoisafisha kwa kutumia vitu hivyo vya machimboni.

Shaba njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ile inayotumika kutengenezea maganda ya risasi huwa na takriban sehemu 70 za shaba na 30 za zinki. Maganda hayo huwafikia watumiaji kwa njia mbalimbali: mmiliki halali wa bunduki hubaki nayo baada ya kuwinda au kulinda shamba, mkusanyaji wa vyuma chakavu huyanunua kwa kilo, fundi huyageuza mapambo, kama wanavyofanya mafundi wa Addis Ababa wanaoyayeyusha na kuyafanya shanga. Wote hao hutaka yang'ae. Sisi tunawaomba kwanza wayatazame.

Ganda lililokwisha kufyatuliwa huwa na mdomo mtupu, na kwenye kitako chake, katikati ya kile kikombe kidogo kiitwacho fataki, huonekana kibonyeo kilichoachwa na pini ya bunduki. Fataki isiyo na kibonyeo ni hai hata kama ganda halina kitu ndani. Risasi kamili yenye kibonyeo ni hatari zaidi, kwa kuwa imepigwa na haikulipuka. Vitu vya namna hiyo havisafishwi, havitupwi motoni, wala havipelekwi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Viachwe mahali vilipo, watoto wazuiliwe wasivikaribie, na taarifa itolewe kituo cha polisi. Mikoa hii ya mpakani ilipitiwa na vita: Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia Kaskazini kuingia katika koloni la Wajerumani. Anayelima na kukuta risasi ya kale iliyoliwa na kutu asidhani kwamba umri umeifanya kuwa salama.

Baada ya uchunguzi huo ndipo tufikie uchafu wenyewe. Weusi uliomo ndani ya ganda si masizi ya kawaida. Lugha yetu hutumia neno moja, risasi, kwa silaha na kwa metali, na hapa maana hizo mbili zinakutana kweli: fataki nyingi huundwa kwa kemikali yenye madini ya risasi, na mlipuko huyaacha kama vumbi laini ndani ya ganda. Sumu hiyo huingia mwilini kwa kuvutwa puani au kwa kula bila kunawa. Mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima, kwa sababu huharibu ubongo unaokua, na dalili zake hazionekani mapema. Kwa hiyo tunashauri usafi wa maji badala ya usafi wa vumbi. Wapo wanaoyazungusha maganda makavu ndani ya chombo pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Njia hiyo inang'arisha vizuri, lakini kila chombo kinapofunguliwa vumbi lile hutoka. Anayeitumia afanye kazi nje, aupe upepo mgongo, na afunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi.

Njia tunayoipendekeza haihitaji duka la kemikali. Chukua ndoo ya plastiki ambayo haitarudi tena jikoni. Kwa kila lita moja ya maji ya uvuguvugu, kamulia ndimu nne na utie sabuni ya maji kidogo. Loweka maganda kwa dakika 10 hadi 15, ukiyakoroga kwa kijiti. Ukwaju hufanya kazi hiyo hiyo, kama wajuavyo waliolelewa na bibi waliosugua sinia za shaba. Usiyaache usiku kucha: asidi ikikaa muda mrefu huondoa zinki, na ganda hugeuka kuwa na wekundu wa waridi, ishara kwamba nguvu zake zimepungua. Msumari au waya wa chuma ukitumbukia ndani ya maji hayo, nao husababisha wekundu kwa kuipaka shaba juu ya uso wa ganda. Suuza mara mbili, kisha pitisha katika maji yenye kijiko cha chai cha magadi kwa lita ili kuua ukali wa ndimu, suuza tena, na uanike juani juu ya gunia. Usikaushe juu ya makaa. Joto kali hulegeza shaba njano, na fataki moja iliyopita bila kuonekana inaweza kulipuka.

Maji machafu yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na mto, na aliyefanya kazi anawe kwa sabuni na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Sasa turudi kwenye vitu vya machimboni. Tindikali ya naitriki, ambayo wachenjuaji huitumia kutenganisha dhahabu na fedha, hung'arisha shaba njano kwa sekunde chache, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Katika sekunde hizo hizo hutoa moshi wa rangi ya kahawia ambao huunguza mapafu. Aliyeuvuta anaweza kujisikia mzima jioni na kuzidiwa usiku. Zebaki nayo hushikamana na shaba njano, huipaka weupe kama wa fedha, kisha huipasua. Ganda au chombo kilichogusana na zebaki hakifai tena kwa lolote. Dawa ya madoa yenye klorini, ambayo wengi huiita jiki, isichanganywe kamwe na ndimu, siki wala amonia, kwa maana hewa itokayo ni sumu.

Amonia yenyewe ina kisa chake. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza lililokuwa India liliona maganda yakipasuka ghalani bila kuguswa, hasa msimu wa mvua. Sababu ilielezwa mwaka 1921: risasi zilikuwa zikihifadhiwa katika mazizi ya farasi, na amonia itokayo kwenye mkojo, ikisaidiwa na unyevu, iliila shaba pale ilipokuwa imekazwa wakati wa kuundwa. Hakuna tofauti kati ya zizi lile na banda la kuku au la mbuzi nyuma ya nyumba. Shaba njano ihifadhiwe pakavu, mbali na mifugo na mbolea.

Ufa mdogo katika ganda ni neno zito kwa anayekusudia kulijaza upya, kwa kuwa gesi ya mlipuko hutafuta ufa huo na kurudi usoni mwa mpigaji. Lakini kabla ya ufa kuna sheria. Kujaza ganda fataki, baruti na kichwa kipya ni kutengeneza risasi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu jambo hilo bila leseni. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kutengeneza risasi. Fundi akikuahidi risasi za bei nafuu zilizojazwa nyumbani, kataa.

Kwa wanaouza maganda kama vyuma chakavu, wachukue sumaku. Shaba njano halisi haivutwi. Kitako kinachong'aa cha risasi ya marisau mara nyingi ni chuma kilichopakwa tu, na bei yake ni ya chuma. Mnunuzi naye asikatae kuonyesha stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yake, na muuzaji ana haki ya kuuona mshale ukiwa kwenye sifuri kabla mzigo haujawekwa.