Kivuli Pembezoni mwa Pafu: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Bronkoskopi

Mkazi wa Mhezi anayeteremka hadi Same mjini kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha, akapigwa picha ya eksirei, huenda akapanda tena mlimani na neno moja tu: kivuli. Kivuli si jina la ugonjwa. Chaweza kuwa kifua kikuu, kovu la zamani, fangasi au saratani, na picha peke yake haitoshi kutofautisha. Hatua ya kwanza ni makohozi, ambayo vituo vya umma huyapima kifua kikuu bila malipo. Vimelea visipoonekana na dawa zisiposaidia, usiondoke na dozi nyingine kabla ya kuuliza ni njia gani imebaki ya kupata ushahidi.

Njia mojawapo ni bronkoskopi. Daktari hupitisha puani au mdomoni mrija laini wenye kamera hadi kwenye njia za hewa, akachota majimaji au kukata kinyama cha kupeleka maabara. Kipimo hiki si kigeni. Mwaka 1897 daktari Mjerumani, Gustav Killian, alitumia mrija mgumu kutoa mfupa uliokwama katika njia ya hewa ya mgonjwa. Mrija unaopinda ulibuniwa na Shigeto Ikeda wa Japani katika miaka ya 1960.

Hata hivyo, njia za hewa hugawanyika kama matawi ya mti, na mrija wa kawaida hushindwa kupenya vitawi vya mwisho. Donge dogo lililo pembezoni halionekani kwa kamera hiyo. Kulifikia huhitaji vifaa vya ziada: mrija mwembamba zaidi, kijiti cha altrasaundi, au mtambo unaoongoza mrija kwa kufuata picha za CT. Nchini Marekani roboti za kazi hiyo zimeruhusiwa tangu 2018. Pengine sindano inayopitishwa kifuani kwa kuongozwa na CT hufaa zaidi, ingawa huongeza hatari ya hewa kuvuja kuzunguka pafu.

Kwa hiyo jibu la "hakuna saratani" lina uzito pale tu donge lilipofikiwa. Tunakushauri uulize waziwazi: je, kinyama kilitoka kwenye donge lenyewe? Kama sivyo, hatua inayofuata ni ipi? Omba nakala ya majibu na utunze picha zako zote; ni mali ya kukufaa utakapopewa rufaa.

Ulizia gharama kamili kabla ya siku ya kipimo, ikiwemo ada ya maabara, na uhakikishe bima yako inalipia nini. Mweleze daktari dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kwa uamuzi wako. Kwa kawaida hutakula kwa saa 6 kabla ya kipimo, na baadaye utasubiri ganzi ya koo iishe ndipo unywe maji.

Nenda na msindikizaji. Ikiwa umekatwa kinyama katika hospitali ya rufaa ya Moshi, tunaona si busara kupanda milima ya Upare siku hiyohiyo: lala karibu na hospitali. Makohozi yenye damu kidogo kwa siku moja ni jambo la kutarajiwa. Damu nyingi, maumivu makali ya kifua au kubanwa pumzi ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja, hata usiku.